Papa, Nimetoboa Mashua

Papa,

Mi ni Neema. Nianze na neno lenye litakukasirisha, juu najua haukupenda mutu anayezunguka: nimetoboa mashua. Chini kabisa, mahali inakaa ndani ya maji. Nimetoboa na mikono yangu mwenyewe, nikalia mbele ya kutoboa, nikalia tena nyuma. Sasa umejua. Kaa basi, unisikilize.

Tangu tukuzike hapa Dzaleka, ku kambi ya bakimbizi, mvua imenyesha na kukatika. Majani iliota juu yako, na kila siku ya Mungu, tukitoka kanisani, Mama anaenda kuing'oa huku anakugombeza kwa sauti, sawa vile ulikuwa unachelewa kula. Motere ya chigayo, ile mashini yako ya kusaga, ingali inasaga mahindi ya bantu. Ile pipa ya maji yenye kuipoza niliifunika, juu batoto balianza kunawia mule. Klé yako ya kumi na saba, ile ya kufungulia nati, sijaiona mpaka leo. Ulienda nayo?

Ile garage ya Chinsapo, yenye ilikuwa inakuita kila motere ikibashinda, sasa inaniita mi. Nilipata ruhusa ya kutoka kambini, nikaenda Lilongwe. Nikakuta bwana mumoja wa Salima, Bwana Phiri, ameleta mashua yake juu ya trela. Mashua ya zamani. Ilitumika miaka mingi ku bahari ya chumvi, Msumbiji, mbele yeye ainunue kwa kubeba bantu ku ziwa. Motere yake inakaa ndani, kisha kuko muguu wa chuma unatoka nyuma na kuingia ku maji, njo unabeba elise yenye kusukuma mashua. Ndani ya ule muguu njo kunapita maji ya kupoza motere.

Papa, ungeona! Inje rangi nzuri, inang'aa. Nikafungua: chumvi imekula yote. Njia ya maji imeoza, nikisukuma ncha ya turnevisi inaingia bila nguvu. Motere ilikuwa inakunywa matone tu, njo maana ilikuwa inachemka.

Muguu mupya haupatikane tena kwa mashua ya umri ule. Bavijana ba garage balitaka kuziba na dawa, nikakataa, juu unaziba hapa leo, pembeni kumeisha kuoza. Mi nilipenda tufunge maji yazunguke yenyewe, yapite ku tiyo, mabomba ya shaba, chini ya mashua yapoe, yarudi, sawa pipa ya chigayo. Tulitafuta zile tiyo mpaka mutaa wa Area 36, hakuna. Zikabaki njia mbili: kutundika tiyo nyuma ya mashua ivute maji, vile ulikuwa unafanya kwetu Uvira, ku bandari ya Kalundu, ao kutoboa chini, maji yapate mulango wao.

Nilitundika tiyo, bila shaka! Ningefanya nini ingine, na sauti yako iko inanipigia kelele ku masikio: "Mashua haitobolewe! Mutu aliifunga ili maji isiingie, we unafungua juu ya nini?" Kila mutu wa Kalundu alijua sababu. Ndugu yako, baba mudogo Yakobo, alizama na mashua yenye fundi mwingine alitoboa akaziba vibaya. Ulimutafuta ku maji mpaka benzini ikakuishia, haukumupata. Kuanzia pale, hata mutu akulipe vipi, haukutoboa.

Basi tukaweka muguu na ile tiyo ndani ya pipa ya maji pale garage, tukawasha. Motere ikaimba! Tulikuwa tunaongeza maji ya baridi na ndoo, na mchana muzima haikuchemka. Bantu bakapiga makofi, Bwana Phiri akashukuru, zikomo, zikomo, mpaka nikasikia haya. Nikarudi nyumbani na majivuno yangu yote. Mama anagawa nsima, ugali ya hapa, mi ninamuhadisia vile binti ya fundi wa Kalundu amewaonyesha. Unamujua Mama, aliuzisha samaki, ndagala, miaka mingi akipanda mashua za bantu. Hakuinua hata macho. Akauliza tu: "Na ile pipa yenu, iko na mawimbi?"

Papa! Mukono ulibaki ndani ya sahani. Batoto ba ziwa, sisi! Tumekaa sana hapa kambini, ku huu udongo mukavu wa Dowa, tunajaribu kila motere ndani ya pipa, mpaka tumesahau kama maji inaruka. Mashua zako za Kalundu zilikuwa za mbao, nzito, zimejaa mizigo, zinakaa chini. Tiyo haikutoka ku maji. Hii ya Bwana Phiri ni ya faiba, nyepesi. Wimbi moja tu, nyuma inainuka, tiyo inavuta upepo, motere inachemka, inajifunga katikati ya ziwa na bamama na batoto bamo. Haukukosea, Papa. Mashua njo ingine.

Kesho yake nilimukuta Bwana Phiri anafunga trela aende. Nikasimama mbele ya gari yake. Alinuna, akasema nilimuambia imepona. Nikamuambia ndiyo, imepona kwa kusafiri ndani ya pipa. Akacheka kwa nguvu, lakini alizima gari.

Nikatoboa. Niliimarisha pembeni na mbao ngumu, nikaingiza kipande cha shaba chenye tundu ya kupitisha maji, na ndani nikafunga robine, ili tiyo ikipasuka mutu afunge maji na mukono. Yakobo hakukuwa na robine ya kufunga. Nilikuwa ninafikiri hiyo saa yote.

Kisha nikafanya vile mafundi ba Kalundu wanafanya: mwenye aligusa chini ya mashua anaipanda wa kwanza, mbele ya abiria, mbele ya muzigo. Nikaomba ruhusa ingine, nikafika Salima, pembeni ya ziwa. Bwana Phiri aliposikia kama mi, mutu wa Uvira, sijue kuogelea, alinivalisha jaketi mbili. Tukaingia ziwani, nikapiga magoti pembeni ya robine. Kule mbali upepo ukaamka, mashua ikaanza kuruka na kuanguka, meno yananigongana. Mushale wa joto haukusogea. Maji yalikuwa yanatoka nyuma, ya vuguvugu, mazuri. Nikapangusa chini ya robine na kitenge: pakavu. Nikapangusa tena: pakavu.

Halafu nikangoja unigombeze. Kweli, Papa, niligeuza hata kichwa. Nilitaka upige kelele, "Neema, nilikuambia nini?", pale mbele ya Bwana Phiri, uniaibishe mpaka basi. Hakuna. Motere tu na maji. Siku ya kukuzika sikulia sana, bantu balinishangaa. Njo pale, katikati ya ziwa ya bengine, nilijua umekufa.

Basi ulale, Papa yangu. Umusalimie baba mudogo Yakobo, na umuambie binti yako anamuheshimia. Mama ana nguvu, nitamuangalia. Na ninakuahidi: kila mashua nitakayotoboa, mi njo nitaikalia wa kwanza. Siku nitaogopa kuikalia, hakuna mutu mwingine ataikalia.

Binti yako,
Neema