Usichomoe Waya wa Kompyuta

Baba Cherotich,

Nimepeleka majani ya chai senta kabla lori halijaondoka. Chai ya kunywa iko kwa thamosi. Kompyuta usiizime.

Asubuhi uliniuliza, "Miezi miwili ya masomo ya kompyuta ya jioni, na tayari unapasua mashine tumbo?" Iliniuma. Lakini diski ilikuwa imejaa, kwa hivyo nilimwomba Mungu, nikabonyeza kitufe cha kuibadilisha. Sasa diski iko kwa mfumo mpya wa kuhifadhi unaoipa nafasi zaidi, na hairudi kwa ule wa zamani. Inapanga mafaili upya kwa masaa kadhaa. Umeme ukikatwa katikati, yanaweza kupotea.

Nakujua. Radi ikilia tu unachomoa kila waya, hata redio ya betri unaizima. Leo ~~ukiona ni lazima, chomoa~~ hapana. Bonyeza palipoandikwa Stop, ngoja taa nyekundu iache kuwaka, zima kompyuta, ndipo uchomoe.

Mwalimu Ouko wa masomo ya jioni alisema tunakili kila kitu kwanza. Nilinakili, ila disketi ya mwisho ilikataa. Hiyo ndiyo ningewekea maisha ya marehemu baba yako, yale aliyonisimulia nikiandika. Hakuna nakala nyingine, yako ndani ya kompyuta tu. Nilibonyeza nikijua, na sikukuambia kwa sababu ulikuwa umeshanicheka.

Nisamehe. Omba pia, lakini waya uache.

Mama Cherotich