Pua Yangu na Dawa Mpya

Jumatatu, 8 Julai

Nina bahati ya mtende, mimi! Wenzangu hapa Morwell, kwenye mtambo wa umeme wa makaa ya mawe, wanakata tiketi za bahati nasibu — mimi nilizaliwa na pua. Dawa ya kunasia hewa ukaa ikivuja tone tu, nimeshainusa. Shombo la samaki aliyeoza. Kengele inalia baadaye.

Leo bosi wetu Anneke kaleta dawa mpya, mbili ndani ya pipa moja. Ya kwanza inaidaka hewa ukaa upesi kwenye moshi wa makaa. Ya pili inaiachia kirahisi ukiipasha moto, mvuke kidogo tu. Ndoa safi! Yangu haikufika huko.

Lino, fundi mwenzangu, anasema pua yangu ikatiwe bima. Mshenzi yule, nampenda.

Jumatano, 10 Julai

Baridi ya kutoa machozi. Kumbe dawa mpya haipendi baridi — inaganda chengachenga kama chumvi. Bomba la dawa kwenye shimo la chini ya mtambo linaanza kuziba. Kengele ya hewa mle shimoni inalia ovyo tangu jana, mtu kaivika soksi.

Haidhuru. Desturi yetu ni ileile: mtu kabla hajashuka, mimi nainama, navuta pumzi, natangaza "Safi!"

Anneke katukumbusha: hewa ukaa haina harufu, nzito, inatuama chini kama maji. Lino akamjibu, haina harufu lakini haivuji bila dawa, na dawa ina mnusaji wake hapa. Wakacheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Panya wawili wamekufa kule chini. Nimesema ni baridi.

Ijumaa, 12 Julai

Hospitali, Traralgon.

Asubuhi ukungu, upepo hakuna. Bomba limeziba kabisa. Lino kavaa glavu: "Vipi, mkuu, tunashuka?"

Nikainama. Nikavuta pumzi kwa madaha, kama muonja divai. "Safi! Shuka, mwanangu."

Akashuka. Halafu kofia yake, ko! kwenye saruji.

Tulivaa mitungi ya hewa, tukamtoa. Midomo ya buluu. Mpaka sasa hajaamka.

Mkewe Carmen kaninunulia pai ya nyama — mimi! "Kula, shemeji, utaanguka." Kisha polepole: "Hukunusa kitu kabisa?"

Nimemwambia dawa mpya haina harufu kali.

Anneke amesimama mlangoni. Kasikia. Yeye kutwa nzima jana alifunga kitambaa puani.

Carmen anasubiri niile pai. Ya moto, mvuke unanipiga usoni.

Sinusi kitu. Tangu ile korona sijanusa kitu.