Chaki ya Idi na Mtihani wa Kijapani

Nyamirambo, Kigali

Mpenzi dada Zuhura,

Shikamoo, na uwafikishie wote hapo Ujiji salamu za bibi harusi mwenye furaha. Idi wangu amefaulu mtihani wa Kijapani. Atakwenda Japani kusomea ufundi wa vyerehani, nami nitamfuata.

Usidhani alijifungia na vitabu. Fundi hana nafasi hiyo. Kila kitambaa, kabla hajakikata, alikiandikia neno moja la Kijapani kwa chaki ya kushonea. Mimi nililifuta kwa kiganja, naye akaliandika upya kwa kichwa. Nikilinganisha na kitabu chake nikaona amekosea, simpi mkasi. Mteja mmoja akanung'unika, "Bibi harusi, suruali yangu inashonwa au inasomeshwa?" Shangazi yake Idi akamjibu, "Subiri, baba, ikifaulu utaivaa."

Leo, baada ya majibu, mwalimu Mjapani aliyesimamia mtihani alimwuliza nani alikuwa akimsahihisha. Idi akanionyesha mimi, nimekaa mlangoni mwa darasa na sambusa zangu mapajani. Mwalimu akaandika neno ubaoni, akalifuta, akanipa chaki. Dada, niliandika kila mstari mahali pake. Lilikuwa neno lenye maana ya "nyumbani". Mwalimu akaniinamia kwa heshima, na Idi hakuniachia mkono mpaka tulipofika Nyamirambo, watu wote wakitutazama.

Basi mwambie Baba kwamba tumefaulu wawili. Nakukumbatia mpaka kanga ikunjamane.

Mdogo wako,
Mwajuma