Mashine ya Unga Ikiwashwa

Mbinga, Julai 1999

Kaka Osward,

Shikamoo. Huku baridi inauma na kahawa inaingia kwa magunia. Nimefurahi kusikia kwamba Mama, hapo Liuli hospitalini, amekunywa uji na ananiulizia.

Ile kompyuta ya kampuni yetu ya kahawa ilikuwa ikizima ghafla na kujiwasha yenyewe, kazi yote imepotea. Bosi aliniambia, "Kunigunda, ukijua kinachoizima, utakwenda kwa mama yako."

Nilidhani ni joto, nikadhani panya wametafuna waya. Kumbe ni mashine ya kusaga ya jirani! Tunatumia laini moja ya umeme, na mwenyewe haiwashi mpaka akina mama wapange foleni ya kutosha, ndiyo maana kuzima huko hakukuwa na saa maalumu. Ikinguruma tu, taa zetu zinafifia na kompyuta inazima.

Nilimweleza bosi mfuko wangu ukiwa tayari mlangoni. Nikamshauri anunue betri ya kuishikilia kompyuta umeme ukishuka. Akacheka kwa furaha. "Betri ya nini, na wewe upo? Ukienda Liuli, nani atachungulia foleni?"

Basi nakaa dirishani, natazama ndoo za mahindi zikiongezeka, naizima kompyuta kabla haijazimwa. Ningeacha kazi, lakini tangu ushirika wa wakulima ufe ofisi nyingine haipo, na dawa za Mama zinatoka kwenye mshahara huu huu.

Akiuliza, mwambie bado sijajua kinachoizima. Akisikia nimejua na sijaja, atadhani sitaki.

Mdogo wako,
Kunigunda