Baba wa Kuazima na Timu Yake

Durban, Jumanne

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Mgongo unaendeleaje, na dawa ya kuchua niliyompa Mama Riziki akuletee imekufikia? Na Baba anapumua vizuri na hilo vumbi? Sisi huku miili ni mizima. Vichwa ndivyo vinatuuma, na nitakueleza kwa nini, ila tafadhali barua hii ninayoituma kwa simu usiisome Baba akiwa karibu.

Posa ya Bahati imekwama.

Unajua mdogo wangu amempenda Neema tangu walipokutana kwenye kwaya. Baba yake Neema ni Papa Silvestri, Mrundi, mzee wa kanisa, anafanya kazi kiwanda cha rangi kule Jacobs. Unajua pia kijana hajipeleki mwenyewe kuposa, na sisi huku hatuna baba wala baba mdogo. Basi tukafanya wanavyofanya wote hapa: tukaazima baba. Nikamwazima Papa Leonari, mwenye duka la simu karibu na saluni yangu, maana ana maneno matamu na ameshaposea vijana wengi. Nilimchunguza vizuri. Kama hanywi, kama ana suti, kama anaweza kusali bila kugeuza sala kuwa mahubiri. Sikumuuliza timu.

Zile timu mbili za Hispania, Mama, ya jezi nyeupe na ya mistari, zinazomkosesha Baba usingizi, kama ulidhani ugonjwa wao uko Uvira tu, njoo uone huku. Nchi nzima ile iko na timu nyingi, lakini wanaume wetu wanajua hizo mbili. Kombe likitoka huku linaenda kule, kisha linarudi. Ikitokea ya tatu ikalichukua, wanaitazama kama mgeni aliyekula sahani ya mwenye nyumba. Kanisani Weupe wanakaa upande wa dirisha, Mistari upande wa mlango. Pasta alikataza jezi, sasa wanavaa soksi. Wazulu hapa wana timu zao, wanapanda taxi wanaenda kuziona uwanjani kwa macho yao. Wetu hata mlango wa Hispania hawaujui, halafu wanasema "sisi tumefunga". Nimechoka nao, eish, nimechoka kabisa.

Siku ya posa alitupangia Pasta, Jumapili baada ya ibada. Ilikuwa siku hiyohiyo timu hizo zinakutana. Wanaume wote walijua na wote walinyamaza.

Tulipokelewa vizuri. Mashangazi wa Neema walipika sombe na ndagala. Papa Leonari akaanza kwamba tumepita njiani tukaona ua zuri kwenye bustani yao, Papa Silvestri akacheka, mambo yakawa yanakwenda. Neema alikuwa nyuma ya pazia na kikwembe kipya, anangoja aitwe, aulizwe kama anawajua wageni hawa. Ndipo simu ikalia mfukoni mwa Papa Leonari. Akachungulia. Meno yote nje.

"Nani amefunga?" Papa Silvestri akauliza.

"Sisi," akasema baba yetu wa kuazima.

Ua likasahaulika hapohapo. Wakaanza refa, wakaja penalti, wakaja makombe ya nani ni mengi na nani amebebwa. Bahati katikati, tai imemkaba, jasho linamtiririka, na mwenye kuoa hafungui mdomo siku ya posa. Ananitazama mimi, na mimi natazama pazia. Mwisho Papa Silvestri akasimama akasema hatoi binti kwa nyumba ya Mistari.

"Lakini si mimi ninayeoa," Papa Leonari akasema.

"Leo wewe ndiye baba yake. Umeingia kwa jina hilo, na mimi nimekupokea kwa jina hilo."

Kwa desturi alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Tukarudishiwa zawadi zetu. Tulipofika getini Neema akatokea mlango wa jikoni, akanikimbilia, akanishika mkono. "Dada Furaha," akasema, "mimi nilikuwa nimejiandaa kusema nawajua." Nililia njia nzima.

Jana nilimfuata Papa Silvestri kazini, saa ya chakula. Aibu aliiona, ila mzee hawezi kumeza maneno aliyosema mbele ya dada zake. Akasema, "Basi nileteeni baba wa kweli, hata kwa simu." Jumapili hii atampigia Baba.

Nikarudi na furaha. Bahati alikuwa ametoka kazini Mobeni, anakula. Akaweka kijiko chini.

"Dada, Baba ni wa Mistari kumshinda Papa Leonari."

"Tutamwomba anyamaze."

"Na mimi ni Mweupe. Tangu utoto."

Sikuamini, Mama. Unakumbuka timu ya Baba ikishinda, Bahati alikuwa halali wala hali, ukawa unampa dawa ya minyoo? Haikuwa minyoo. Alimwogopa Baba, akaficha mpaka amekuwa mwanaume.

Sasa ninachokuomba. Papa Silvestri akipiga, Baba aseme kwamba mwanawe ni Mweupe, na kwamba amembariki hivyohivyo alivyo. Yeye abaki na Mistari yake mpaka kaburini, hakuna anayemkataza. Najua ni mtu aliyeacha kumsalimia ndugu yake mwenyewe kwa sababu ya mpira. Mpikie anachopenda, mwambie polepole, wewe unamjua. Bahati hataki kudanganya tena, wala hataki kuoa bila Baba.

Nisalimie dada yako Mama Riziki, na baba mdogo, ila usimwambie haya, atacheka mpaka Baba akasirike. Nisalimie na mama mkwe wangu.

Mimi binti yako, saluni imejaa na mikono inauma, lakini nakuombea kila siku. Na ukimwona Baba anakuwa mgumu, mwambie Neema bado yuko nyuma ya pazia, anangoja kuulizwa kama anatujua.

Furaha wako