Wiki ya Dokta Fizikia

Jumatatu, 11 Agosti
Vipindi viwili vya kidato cha tano, mchepuo wa sayansi, PCM. Chaki mbovu, zinavunjika hovyo. Nilikuwa katikati ya mada ya mtetemo, mkuu wa shule akachungulia, akanitaka nimpishe mgeni wiki nzima. Mgeni katoka Dar. Anajiita Dokta Fizikia. Udokta wenyewe kajipa.

Jumanne, 12 Agosti
Nimekaa nyuma ya darasa langu mwenyewe. Jamaa anafundisha fizikia ya juu kwa kuimbisha. Wasichana wanaimba kanuni, wanapiga makofi, hawajui wanaimba nini. Hata kasuku angepata A. Mkuu anapiga picha.

Jumatano, 13 Agosti
Nyamizi, binti wa wakulima wa Bukene, kauliza kwa nini kanuni ya mchapuko wa mtetemo ina alama ya hasi. Swali zuri kuliko yote muhula huu. Jibu la bwana Dokta: "Mtihani hauulizi kwa nini, dada. Wanaouliza kwa nini wakasome historia." Darasa likacheka. Na historia nayo kaitukana, mjinga huyu.

Alhamisi, 14 Agosti
Nyamizi kaomba kuhamia HGL, mchepuo wa historia. Mkuu kasema Jumatatu atamsainia. Bila hata kumuuliza sababu! Msichana mwenye akili kuliko darasa zima, na kuliko mkuu. Sikula mchana. Hasira tupu.

Ijumaa, 15 Agosti
Leo nimesimama. Nikamtaka Dokta, mbele ya wanafunzi wote, ajibu lile swali la Nyamizi. Akaanza kuimba. Nikamwambia aache nyimbo, achore. Akachora, akafuta, akachora tena. Akaangalia simu. Wasichana wakacheka, safari hii wakimcheka yeye. Nilifurahi. Sana.

Mchana kapanda basi na dumu la asali, zawadi ya mkuu. Asali ya Tabora, kwa mtu kama yule.

Jioni nikamkuta Nyamizi bombani. Nilitegemea shukrani. Akaniamkia, nikaitikia, kisha akasema taratibu, "Mwalimu, mmebishana nyie wawili. Swali langu hamjalijibu."

Kweli. Nilikuwa na kazi ya kumdharau yule mtu, mtoto nikamsahau.

Jumapili, 17 Agosti
Nyamizi kaja maabara baada ya ibada. Tukaning'iniza jiwe kwenye springi. Nikamwambia alivute chini, aliachie. Likapanda. Akalisukuma juu, likashuka. Akarudia, akarudia.

"Kila ninakolipeleka, lenyewe linavutwa kurudi katikati," akasema. "Kinyume na mimi."

Nikamwambia hasi ndiyo hiyo.

Anasema kesho atamwambia mkuu asisaini, anabaki PCM. Tukaliangalia jiwe likipanda na kushuka, kidogo kidogo, mpaka likatulia.