Divai Yenye Harufu ya Jani la Nyanya

Ndugu yangu Okoth,

Kosa la watu wengi ni lile ulilolicheka miaka yote uliyohudumia meza za klabu ya Wazungu wa mashamba ya chai: wakinusa jani bichi kwenye divai nyekundu, husema imeharibika. Juzi kosa hilo liliingia nyumbani kwako. Aliyelifanya ni Rosa, binti yako, na nisipolirekebisha, divai ya harusi yake itamwagwa shimoni.

Ndiyo, Rosa anaolewa Jumamosi! Kijana ni wa Fort Ternan, fundi wa reli, mpole, miguu mirefu kama korongo. Baba yake ni katekista, na ana pua inayokagua kila sahani kabla ya sala. Jambo lingine limebadilika tangu ututoke: siku hizi hata sisi Waafrika tunauziwa divai dukani, mchana, na Mhindi anatufungia kwa karatasi. Wewe uliimimina miaka yote ile bila ruhusa ya kuonja. Nilipotoka dukani na chupa kwapani nilisimama kidogo kando ya barabara. Machozi yalinitoka. Nikamwambia mke wako, aliyenisindikiza, kwamba ni vumbi, ilhali mvua ilikuwa inanyesha.

Unakumbuka zile chupa tupu? Wenzako walizitaka za kuwekea parafini. Wewe ulizileta kwangu Jumapili, baada ya misa, kabla hazijaoshwa, tukakaa nyuma ya jiko lako tukichungulia shingo za chupa kama watu waliodondosha ufunguo kisimani. Kunywa tulikatazwa. Kunusa hakukuwa na askari. Mama Rosa akipita na ndoo alituambia, "Walevi wa harufu, jioni njema!"

Siku moja ulivunja jani la nyanya, ukalisugua vidoleni, ukaninusisha, kisha ukanipa chupa. Harufu ile ile! Nyingine ilikuwa pilipili hoho iliyokatwa sasa hivi. Nyingine ilinuka majani mabichi matupu, wala hakuna tunda, na hiyo uliisukuma mbali: "Mwalimu, hii haikunyauka!" Nilicheka, kwa sababu nilikuwa nimeacha ualimu na kuwa karani wa kiwanda, na kila siku niliyaona majani ya chai yakitandazwa yanyauke mpaka ule ubichi ulainike. Ukiharakisha, chai inanuka nyasi.

Basi nimemweleza Rosa pole pole, unanijua. Kuna zabibu zinazozaliwa na harufu ya jani, kama mtoto anavyozaliwa na sauti ya babu yake. Zikikomaa kwenye nchi ya baridi na mvua, jani linabaki. Jua kali linalipunguza. Kwa hiyo asiyelipenda anunue chupa ya nchi ya joto, na anayelipenda aitafute ya kule kwenye ubaridi. Lakini kwanza atafute tunda: likiwepo pamoja na jani, divai ni nzima. Pakiwa na jani tu, na ulimi unakauka, zabibu zilichumwa mbichi. Iliyoharibika hainuki jani. Inanuka siki, au gunia lililolala na maji.

Alisikiliza yote, mikono kiunoni, kama mama yake hasa. Kisha akasema, "Mzee, mimi nakuamini. Lakini katekista atanusa majani na kusema baba yangu hakuacha nyumbani mtu anayejua kitu kizuri."

Hapo nikaelewa. Haogopi divai, Okoth. Anaogopa wakuone mdogo, nawe hupo kujitetea.

Nikarudi dukani. Nimenunua pia chupa za Afrika Kusini, zilizoiva juani, laini, za kumkaribisha katekista na pua yake. Lakini zile za kwanza, za Ufaransa, zenye jani lako, nimezificha chini ya kitanda changu. Mbuzi wa kuchoma akiletwa, na mnavu wa Mama Rosa pembeni, hizo ndizo zinazofaa, maana nyama ya moto na mboga chungu hulifanya jani likae mahali pake. Na katekista akiuliza ni harufu gani hiyo, nitampeleka nyuma ya jiko nimwonyeshe jani la nyanya. Atapata hadithi yako yote, apende asipende.

Ila harusi ni ya Rosa. Akisema hapana, zitabaki chini ya kitanda.

Akisema ndiyo, nakuahidi nitazimimina mwenyewe, kitambaa mkononi, bila kudondosha tone mezani, na glasi ya kwanza haitakuwa ya katekista. Itakuwa ya Mama Rosa. Pumzika vizuri, ndugu yangu. Nimekukosa sana Jumapili.

Magoti yangu hayapandi tena kilima cha kaburini, kwa hiyo nimemtuma Rosa akusomee. Na wewe, Rosa, ukimaliza kumsomea, shuka nyuma ya jiko leo hii, vunja jani moja la nyanya, lisugue vidoleni, ulinuse.